Dunia Isiyo na Mawingu

Korido ya nyumba ya Bi Sugra ilikuwa na harufu tatu zilizogombana mchana kutwa: udi, samli iliyoanza kuungua, na zulia lililolowa kwa viatu vya watu waliotoka mvuani. Hata leo nikiingia nyumbani kwa mtu siku ya mvua, pua yangu hukutana na zulia kwanza kisha huzitafuta zile nyingine mbili, na nisipozipata naona kama nimekosea mlango. Ilikuwa nyumba ya kawaida ya Harrow, kaskazini-magharibi mwa London, moja ya zile zilizojengwa mbili mbili zikiegemeana ukuta, zenye kibustani mbele na dirisha lililochomoza kama tumbo. Mimi na mama tulipanga chumba cha juu, upande wa nyuma, ambako treni za kwenda mjini zilisikika kabla ya kuonekana. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alikuwa ametangulia, akapata kazi ya kuhudumia wazee katika makao yaliyokuwa vituo vichache kutoka pale, kisha akanifuata Tanga na kunileta. Baba alibaki. Alikuwa fundi katika karakana ya reli, na alisema kwanza atafikiri.

Bi Sugra mwenyewe alikuwa Mbohora aliyezaliwa Tanga. Yeye na mumewe waliondoka huko zamani, mimi sijazaliwa. Mume alikuwa na duka la vioo na fremu Barabara ya Nane, huko huko Tanga, na alipofariki alimwachia mkewe nyumba ile ya Harrow iliyojaa fremu kila ukuta. Mama alinisimulia kwamba siku alipokwenda kuuliza chumba, Bi Sugra alimfungulia mlango nusu, akamtazama kuanzia kilemba mpaka viatu, akaanza kwa Kiingereza. Mama aliposema ametoka Tanga, mlango ukafunguka wote. "Tanga ya wapi? Ngamiani? Chumbageni? Sema vizuri, usinidanganye, mimi nimekojoa mtoni Tanga kabla mama yako hajaolewa." Mama akasema Ngamiani. "Basi chumba chako. Ila vitunguu usikaangie juu." Kiswahili chake kilikuwa kama kitu kilichofungwa vizuri kwenye karatasi na kuwekwa kabatini miaka mingi, alikuwa na maneno ambayo hata bibi yangu alikuwa ameacha kuyatumia.

Marehemu mumewe alipofika London alipata kazi kiwandani, lakini Jumapili alizunguka kwenye masoko ya vitu vikuukuu akinunua vitabu na magazeti ya zamani, akichomoa kurasa zenye picha na kuzitia fremu mwenyewe. Hakupenda picha za watu wala wanyama mahali anapopita akiwa na udhu. Kwa hiyo alitafuta picha zisizo na kiumbe: milima, jangwa, bahari isiyo na chombo. "Ukitaka picha isiyo na mtu hata mmoja," Bi Sugra aliniambia, "inabidi uende mbali." Na mumewe alikwenda mbali kweli. Picha mbili zilizokuwa kwenye njia ya kwenda chumbani kwetu hazikuwa za dunia hii. Zilichorwa mwanzoni mwa karne ya ishirini, wakati watu walikuwa ndiyo kwanza wanajifunza kuruka kwa ndege za mbao na kitambaa, na hakuna aliyejua dunia yetu inafananaje ukiitazama kutoka nje. Wachoraji wa magazeti walikisia. Walikaa mezani na tufe la shuleni na taa, wakachora dunia kama inavyoonwa na mtu aliyesimama mwezini au kwenye sayari nyingine.

Ya kwanza ilikuwa koridoni, juu ya simu. Ilionyesha dunia kutoka mwezini. Chini kulikuwa na milima iliyochongoka kama vipande vya chupa ambavyo watu hupachika juu ya ukuta kuzuia wezi. Anga lilikuwa jeusi tii ingawa milima iliwaka jua. Na katikati, kubwa kama sinia, ilining'inia dunia ya buluu, Afrika na Ulaya zikiwa zimetugeukia, kila ufuo umechorwa wazi kama kwenye ramani ya darasani. Ya pili ilikuwa kwenye ukuta wa ngazi, nusu ya njia ya kwenda chumbani kwetu. Hiyo ilikuwa Mirihi: mchanga mwekundu na mifereji iliyonyooka mpaka upeo wa macho, maana siku zile wapo waliotazama kwa darubini wakaamini kwamba huko kuna wakulima waliochimba mifereji. Anga lilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Na humo angani kulikuwa na nukta moja nyeupe, yenye nukta ndogo zaidi ubavuni. Maandishi ya chini yalisema kwa Kiingereza kwamba ile nukta ndiyo dunia.

Mimi niliipenda ile ya mwezini, kwa sababu niliweza kuitafuta Tanga. Unyevu ulikuwa umeingia ndani ya kioo na kuacha doa la kahawia, dogo kama punje ya dengu, kwenye pwani ya mashariki ya Afrika, na mimi nikaamua kwamba hilo doa ndilo kwetu. Bi Sugra hakunipinga. Aliweka ukucha wake juu ya kioo akasema, "Ndiyo hapo hapo. Na huu uchafu mwingine hapa ni Pemba." Nikitoka shule nilivua viatu, nikasimama juu ya kigoda cha simu na kuliamkia lile doa. Mama aliipenda ile ya Mirihi. Alipanda ngazi amechoka, mkono mmoja kiunoni, na alipofika hapo alisimama kupumua. Nilimwuliza mara moja anaona nini katika picha isiyo na kitu. "Pale juu," alisema, "hakuna anayekuuliza unarudi lini." Nilikasirika. Niliona kwamba katika nukta ile baba hawezi kuenea.

Suala la baba ndilo lililokuwa likilala na kuamka nasi katika chumba kile. Mama alitaka aje. Alishauliza habari za vibali, alishaambiwa akaanze wapi, na kila baba alipopata simu alimwambia jambo hilo hilo, na kila mara baba alisema bado anafikiri. Simu kwake haikuwa kitu cha kila siku. Alikuwa na rafiki mwenye duka la vipuri ambaye humpa simu ya dukani siku ya Idi, kama zawadi, aongee mpaka ashibe. Kabla ya Ramadhani aliwahi kupiga kutoka posta, kwa haraka, akasema, "Mfungo nao ni wa kufikiri. Siku ya Idi nikitoka kuswali nitawapa jibu." Siku chache baadaye nilikuwa nimekaa ngazini nikasikia mama akimwambia Bi Sugra jikoni, "Asipokuja, mtoto itabidi arudi kwa bibi yake. Zamu zenyewe hizi unaziona. Siwezi kumlea kwa mkono mmoja." Bi Sugra akasema mimi simsumbui. Mama akasema, "Mimi sitaki arudi, Bi Sugra. Ndiyo hapo." Kwa hiyo nilijua. Baba akisema anakuja, tunakaa watatu. Akisema haji, mmoja wao atanikosa.

Ramadhani ya mwaka ule iliingia nyumba ile kwa milango tofauti. Bi Sugra alianza kufunga kabla yetu, maana Mabohora wana kalenda ya hesabu iliyopangwa tangu zamani, hawasubiri mtu kuona kitu. "Sisi tunahesabu, bwana," alisema akijimiminia chai ya daku. "Mwezi ukitaka utokee, usipotaka ujifiche, shauri yake." Mama alifuata msikiti wa mtaani, na msikiti ulipata habari kwa simu kutoka Uarabuni, kwa sababu mawingu ya London hayajawahi kumwonyesha mtu mwezi mwembamba. Na Tanga, baba na jirani zake walingoja jicho. Hayo yote niliyaona kama mambo ya kawaida tu, sawa na watu wa nyumba moja kutofautiana sukari ya chai. Mimi nilifunga na mama, nusu siku. Nusu ya pili nilikula jikoni kwa Bi Sugra, nikimgeuzia mgongo kwa heshima.

Siku moja nilikuwa nimesimama kwenye kigoda nikaitazama ile milima ya chupa, nikamwuliza, "Bi Sugra, mtu akiishi huko mwezini, atajuaje kama Ramadhani imeingia?" Alikuwa anachambua mchele. Alifikiri kwa muda, punje ikiwa kati ya vidole. "Huko hawezi kuungoja mwezi, ameukalia," alisema. "Itabidi aandamiwe na dunia." Kisha akacheka mpaka ungo ukatikisika mapajani. Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba jibu lake lilikuwa karibu na kweli. Mtu wa mwezini huiona dunia ikipungua na kujaa, ila kinyume na sisi: siku ambazo sisi tunahangaika kuutafuta mwezi mwembamba kama ukucha, yeye huko ana dunia karibu nzima mbele ya uso wake, imewaka.

Mwisho wa mfungo habari ilikuja jioni. Jirani alipiga hodi akasema msikitini wameshatangaza. Mama akaingia chumbani akiwa bado ameshika kitambaa cha vyombo. "Mwezi umeandama!" alisema, vile vile kama tunavyosema Tanga, kama kwamba mwezi ni mmoja na jicho la kuuona ni moja. Hakuna aliyeuliza umeandama wapi. Nafikiri hilo ni kosa ambalo hufanywa na watu kama sisi tu, tulioondoka mahali na bado tunasema maneno yake. Ukilisema neno la kwenu kwa sauti ya kwenu, unasahau kwamba umesimama kwingine.

Mama alikuwa amebadilishana zamu mbili na mwenzake ili apate siku ile. Alipika pilau, akaoka mkate wa kumimina kwenye oveni ya Bi Sugra, akanivalisha gauni la kijani juu ya fulana mbili za baridi. Bi Sugra, ambaye Idi yake ilikuwa imeshapita, alinitazama nikishuka ngazi. Jina langu ni Mwanaidi, nilizaliwa siku ya Idi, na hakuacha nafasi hiyo impite. "Mwanaidi wa Idi ipi wewe? Yangu umeikosa, nyama zimekwisha!" Tulikwenda kuswali, tukarudi mbio, nikakaa kwenye kigoda chini ya picha. Simu ililia. Alikuwa mwanamke anayeuza madirisha. Ililia tena, alikuwa mtoto wa Bi Sugra. Kila ilipolia mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama, akarudi. Mchana ilipolia aliendelea kukoroga. Alasiri nilipomwita kumwambia kwamba pengine simu ni mbovu, tuiangalie, alisema bila kugeuka, "Acha. Jibu tumeshalipata."

Alijaza pilau iliyobaki kwenye vyombo vya plastiki, akafunga vifuniko akiviminya pembe zote, akavipanga kwenye friji. Kisha akapanda juu. Nilimsikia akisimama mahali pake pa kupumulia, mbele ya ile nukta, na safari ile alisimama muda mrefu kuliko kawaida.

Asubuhi yake alitoka kwenda kazini kabla hapajapambazuka. Mimi nilitakiwa kwenda shule. Nilivaa sare, nikavaa kiatu kimoja, nikakaa kwenye ngazi ya chini. Bi Sugra akatokea na kikombe chake.

"Kiatu cha pili kinangoja nini?"

"Tumbo linaniuma."

"Tumbo la pilau au tumbo la baba?"

Yeye akageukia picha ya mwezini, kwa sababu treni zilikuwa zinaitikisa nyumba na picha ile ilipenda kuinamia upande mmoja. Aliinyoosha, akafuta kioo kwa ncha ya mtandio, kisha mkono wake ukabaki palepale.

"Hebu mtazame mjinga huyu," alisema.

"Nani?"

"Huyu aliyechora. Hakuweka wingu hata moja! Dunia nzima jua linawaka, kila mtu anamwona kila mtu. Mimi nimekaa Tanga, bwana. Mwezi huu masika yanaingia. Watu wanapanda juu ya mapaa kuutafuta mwezi, wanashuka wamelowa, hawajaona hata nyota. Juzi jioni Tanga nani kauona?"

"Mama alisema umeandama."

"Umeandama Harrow! Kwa simu! Baba yako yeye anangoja auone kwa jicho." Alikunywa chai, akalitazama lile doa letu la kahawia kana kwamba mvua ilikuwa inanyesha ndani yake. "Jana huyo alikuwa amefunga, maskini, midomo imemkauka. Vua kiatu. Leo huna shule, una tumbo."

Chai yake ilikuwa haijapoa simu ilipolia. Nilisikia kwanza ule mvumo wa mbali, kama mtu anavuta hewa, kisha makelele ya watoto na fataki, kisha sauti yake, mdomo umejaa.

"Mwana! Mkono wa Idi, mwanangu!"

"Baba, Idi ilikuwa jana."

Maneno yalichukua muda kufika siku zile. Ungeyasikia yakienda. "Jana nani kakwambia? Jana tulikuwa tumefunga. Juzi mwezi haukuonekana, mvua ilinyesha tangu alasiri."

"Sisi tuliswali jana."

"Mama yako yuko wapi?"

"Kazini."

"Siku ya Idi?"

Nikamwambia tena kwamba Idi ilikuwa jana. "Haya," alisema, kwa sauti niliyoijua, sauti ya mtu anayeweka chombo cha kazi chini. "Basi mmeshakula Idi yenu. Mwambie nilipiga."

Bi Sugra alinipokonya simu. Sijui alisikiaje, maana masikio yake hayakuwa mazuri. "Wewe Rashidi! Usikate! Mtoto huyu jana kutwa kakaa kwenye kigoda amevaa gauni la kijani, anakungoja wewe. Mama yake kila simu ikilia katoka na mwiko mkononi. Sasa mawingu ya Tanga kosa la nani, la mkeo? ... Eeh. ... Eeh, ndiye mimi, Sugra wa vioo. Baba yako alinunua fremu kwetu, akataka na kioo bure. ... Sasa sema na mwanao. Na useme lote ulilotaka kusema, usimwachie mtoto nusu."

Baba alipokuwa anarudi kwenye simu alikuwa anacheka, na alikuwa ameshameza. Kisha akaacha kucheka. Alisema, "Mwana, mimi siji huko." Alisema amefikiri mwezi mzima. Alisema karakana ile anaijua kwa sauti, injini ikiingia anajua inaumwa nini kabla haijasimama, na huko London angekuwa mtu wa kushika ufagio na kuonyeshwa pa kufagia. Na mama yake amezeeka. Alisema, "Lakini jana sikuwatupa. Mlidhani nimewatupa?"

"Mama alidhani hivyo."

"Na wewe?"

"Mimi nilidhani umesahau."

"Sikusahau, nilikuwa na kiu. Shule ikifungwa utakuja?"

Niliitazama picha iliyokuwa mbele ya pua yangu, pwani yote iko wazi, doa letu liko pale. Nikasema nitamwuliza mama. Alisema sawa, uliza, na kabla hajamaliza kuniaga mvumo ule ukakatika.

Mama alirudi jioni, sare ya kazi chini ya koti, nikamngoja mlangoni nikamwambia hata kabla hajavua viatu. Nilimwambia yote kwa mpangilio: mvua, mfungo, kwamba haji, karakana, bibi. Alisikiliza akiwa ameshika mfuko wake. Nilidhani atauliza kwa nini haji. Aliuliza, "Alisikikaje?"

"Alikuwa anatafuna."

Mama alipanda ngazi mpaka pale chini ya picha ya Mirihi akakaa, na viatu vyake na maji yake, juu ya zulia la Bi Sugra. Alianza kucheka. "Rashidi siku ya Idi hangoji kumeza," alisema, akajifuta macho kwa mkono wa koti. "Kwa hiyo jana hakunyamaza. Jana kwake ilikuwa mfungo." Alilirudia hilo mara kadhaa kama mtu anayejaribu ufunguo. Jibu lilikuwa lile lile alilolikisia jana yake, hapana, lakini nilimwona akilipokea kwa namna nyingine. Mtu aliyekataa kwa maneno na mtu aliyenyamaza si mmoja. Hilo nililielewa pale ngazini, nikiwa na miaka kumi na mmoja, na sijawahi kuhitaji kufundishwa tena.

Kisha akainuka, akatoa vile vyombo vya plastiki kwenye friji, akapasha pilau moto, akaniambia nikavae gauni la kijani. Yeye mwenyewe alivaa tena nguo yake ya Idi. Bi Sugra akaja na sahani yake akalalamika kwamba hesabu zake za miaka yote hazikuwa na Idi hii, lakini nyama aliongeza. Tulipokuwa tunakula mama alisema, akiutazama mchele, "Shule ikifungwa utaenda." Nikamwuliza nikienda nitarudi lini. Alinitazama, akatazama upande wa ngazi, na wote wawili tukakumbuka lile aliloniambia kuhusu Mirihi. Alinisogezea mfupa.

Nilikwenda, nikabaki. Nilimaliza sekondari Tanga. Baba na mama waliachana baadaye kwa talaka iliyopitia kwa mjomba, bila kelele, na hakuna aliyeoa wala kuolewa tena kwa haraka. Mimi tangu hapo sijaweza kukaa. Nimefanya kazi Dar es Salaam, Muscat, Leicester, Rotterdam, kisha London tena. Nimekaa saa nyingi kwenye viti vya lile jengo kubwa la uhamiaji la Croydon nikingoja namba yangu iitwe, nikiwa na kila karatasi isipokuwa ile waliyoitaka. Katika miji yote hiyo nilikuwa nikiifikiria Tanga, na niligundua kwamba naiona kama yule mchoraji alivyoichora dunia: kutoka mbali, pwani yote wazi, kila barabara na namba yake, bila wingu. Yeye hakuwahi kufika mwezini, akachora kile ambacho mtu angependa kukiona. Kila niliporudi Tanga niliikuta chini ya mawingu yake: umeme umekatika, rafiki amehama, njia niliyoijua imejengwa duka. Nilikaa miezi michache nikaondoka, na nikishaondoka tu mawingu yalitawanyika tena. Simlaumu mchoraji. Lililokuwepo mezani pake ni tufe, na tufe halinyeshewi.

Bi Sugra alifariki na mtoto wake akaiuza ile nyumba. Picha zote mbili alimpa mama, na mama akanipa mimi. Sasa ninaishi Woolwich, upande wa pili wa mto, juu ya mtaa wa soko ambako asubuhi nasikia Kiyoruba na Kisomali kabla sijasikia Kiingereza. Picha ya mwezini iko juu ya meza ya kulia. Ya Mirihi binti yangu Salma ameitundika chumbani kwake bila kuniomba. Ana miaka kumi na miwili. Namsemesha kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, na tunaelewana vizuri kuliko nilivyotarajia. Ramadhani iliyopita alisimama mbele ya picha ya mwezini akasema kwamba mtu huyu kasahau mawingu. Akafungua simu yake akanionyesha picha ya kweli, iliyopigwa na watu waliofika huko: dunia imezungushiwa mawingu meupe kama povu la sabuni, na milima ya mwezi imeviringika, haina ncha hata moja. Nilimwomba anionyeshe Tanga. Alivuta picha kwa vidole viwili, akavuta tena, kisha akasema iko chini ya lile wingu. Nilimwambia kwamba kulikuwa na mtu wa Harrow aliyelijua hilo bila simu. Akauliza nani, nikamsimulia, na alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida.

Siku hizi habari za mwezi hufika kabla mtu hajashuka kutoka paani. Kundi la familia kwenye simu lilijaa usiku wa mwisho wa mfungo ule: Muscat wameuona, London wametangaza, na baba, ambaye sasa ni mzee na hutuma ujumbe wa sauti kwa kufoka, akasema, "Huku hatujaona! Mawingu!" Kwa hiyo tumebaki palepale, isipokuwa sasa tunajua. Mimi hupika katika jiko la hospitali, na kila mwaka naomba likizo ya siku mbili. Msimamizi wangu huniuliza Idi ni ipi kati ya hizo. Namwambia sijui bado, inategemea mvua ya kwetu, na ameshazoea. Siku ya kwanza mama huja kutoka Harrow na treni mbili, tunaswali, tunakula. Akiondoka huwa ananikataza tusimalize chungu. "Bakisha," anasema akivaa koti, "ya kesho itapungua." Hasemi ya kesho ni ya nani.

Mwaka ule pia, kesho yake nilipasha pilau moto. Salma alikuwa na shule. Asubuhi alishuka na kiatu kimoja mkononi akasema, kwa Kiswahili, tumbo linamuuma. Nilimwambia akiweke chini. Tuliketi chini ya picha tukapiga simu ya video, na kwanza tuliona dari, maana baba hushika simu kama anashika tochi, kisha sikio, kisha feni. Nilimwambia mkono wa Idi. Tulingoja. Alikuwa anatafuna.